Mfuko wa Kumi na Tisa

Siku ya kwanza Ludovick alikwenda kwa Penina kwa nia ya kumpunja, na wala hilo halikuwa jambo la siri; ndiyo kazi iliyomjengea nyumba. Alikuja Dodoma na begi moja la mgongoni, akaanza kwa kusukuma toroli la vyuma chakavu mtaa kwa mtaa. Baada ya miaka kumi na minne alikuwa na Fuso lake, ua wake pale Nkuhungu, na tabia moja iliyojulikana mjini: ukimtajia bei hucheka kwanza, kisha huuliza, "Haya, sasa niambie bei yenyewe."

Alikuwa amesikia kwamba nyuma ya maabara ya chuo kimoja cha ufundi kuna lundo la bimu zilizovunjwa. Bimu ni ile boriti ya zege inayolala juu ya nguzo na kubeba nyumba, na uti wake wa ndani ni nondo. Wanafunzi huzimwaga wenyewe, huziweka kwenye mashine, huzikandamiza mpaka zife, huandika ripoti, basi. Chuo hakikuwa na pa kuziweka tena. Kwa Ludovick, mtu asiye na pa kuweka kitu amekwisha kushusha bei kabla hujafungua mdomo.

Alimkuta mwanamke wa miaka arobaini hivi, kanga imefungwa juu ya ovaroli, mikono myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko.

"Mama, haya mawe unayauzaje?"

"Mawe yako korongoni, kaka. Hizi ni bimu."

"Zimekufa."

"Zimekufa, ila kila moja na ugonjwa wake."

Ludovick akacheka kicheko chake cha biashara. Bei aliyopewa na ofisi ilikuwa ya kuchagua bimu ishirini. Akachagua zile zilizopasuka vibaya zaidi, zilizoachama katikati kama mdomo wa kiboko, akijua nondo zitatoka bila kutumia nyundo sana. Mwanamke akasimama pembeni, akamwacha achague, akamwacha alipe ofisini, akamwacha apakie mpaka ya mwisho. Fuso lilipowashwa ndipo akasogea dirishani.

"Hizo zilizopasuka katikati, nondo zake zimeshavutika. Ukijaribu kuzinyoosha zitakatika. Zile zilizokatika kwa mshazari karibu na mwisho, pale, nondo zake hazijaguswa. Ni kama za dukani."

"Mbona hukuniambia kabla?"

"Hukuuliza. Ulisema mawe."

Ludovick alifika uani kwake akavunja tatu ili amuumbue. Nondo mbili zikakatika mikononi mwa kijana wa kunyoosha. Juma lililofuata akarudi na soda baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ingawa umenizidi umri," Penina akajibu, akapokea soda.

Tangu siku hiyo alikuwa akimlipa Penina kidogo ili amchagulie mzigo, na mzigo uliochaguliwa na Penina ulikuwa ukiuzika kwa watengeneza mageti mara mbili ya ule wa zamani. Ludovick hakuwa mtu wa kumpenda mtu bure. Alimheshimu Penina kama anavyoheshimu mizani isiyodanganya: kwa tahadhari.

Polepole akajua habari zake. Penina alizaliwa upande wa Buigiri, akaishia darasa la saba, akaja mjini kufanya usafi chuoni. Siku moja aliyekuwa akipaka bimu chokaa hakufika, Penina akashika brashi, akaishika miaka kumi na mmoja. Bimu hupakwa chokaa ili ufa uonekane unapoanza, kwa maana zege tupu ni la kijivu na ufa wa kwanza ni mwembamba kama unywele. Mashine ikianza kukandamiza, Penina ndiye anayesimama karibu na kalamu nyeusi, anaufuata ufa unavyotambaa, na pembeni anaandika uzito ulipofika. Wengine wote wako nyuma ya wavu wa kinga.

Ila alikuwa na kamchezo kake mwenyewe. Kabla mashine haijawashwa, alikuwa akiweka nukta ndogo ya penseli mahali anapofikiri ufa utaanzia. Mwaka wa kwanza alikosa karibu kila mara. Mwaka wa tano walimu walianza kupita karibu na bimu wakijifanya wanaangalia waya, kumbe wanaitafuta nukta.

"Inakuwaje unajua?" Ludovick alimuuliza mara moja, si kwa udadisi bali kwa sababu kinachojulikana kinaweza kuuzwa.

Penina akavua kanga yake ya mabegani, akampa ncha moja. "Vuta." Ludovick akavuta. "Haikuraruka. Sasa shika vizuri, nami naikamua kama nguo iliyotoka kwenye maji. Haijararuka bado. Sasa naikamua, na wewe unavuta." Kanga ikalia trrr, ikafunguka mshazari. "Mzigo mmoja bimu inaumudu. Kuipinda peke yake, kuikata peke yake, kuisokota peke yake, vyote vina hesabu nyepesi. Ikipindwa huku inasokotwa, hapo ndipo injinia anaanza kukuna kichwa. Kanga utanilipa."

Akailipa.

Kisha mwaka mmoja chuo kilileta kamera. Unazisimamisha mbele ya bimu, zinaona ufa kabla ya jicho la mtu, zinauchora zenyewe kwenye kompyuta. Penina akaambiwa kwa upole kwamba mkataba wake hautaendelea baada ya mwezi wa sita. Alikuwa na binti, Lea, kidato cha tatu, na ujuzi ambao haukuandikwa kwenye karatasi yoyote. Hakulia mbele ya Ludovick. Alimwambia tu kwamba kuanzia Julai atahitaji kazi, na si ya kuchagua vyuma.

"Ya nini basi?"

"Ya kuangalia nyumba za watu na kuwaambia zitapasukia wapi."

"Nani atakulipa kwa kumwambia habari mbaya?"

"Wewe," akasema Penina. "Si unanunua mapagale siku hizi?"

Ni kweli. Ludovick alikuwa amegundua kwamba Dodoma imejaa mapagale, nyumba zilizoanzwa kwa shangwe zikaishia kwenye nguzo na slabu. Hununua, humaliza, huuza. Na wakati ule alikuwa na jicho juu ya moja pale Area D, ghorofa moja barabarani kabisa, mali ya mstaafu mmoja aitwaye Mzee Cornel aliyetaka kuliachia ili aende kulima zabibu. Ludovick alitaka kulifanya ukumbi wa sherehe chini na mgahawa juu, na meza zake nje kwenye kibaraza cha juu kinachoning'inia mbele. Alikuwa amekusanya kila alichonacho kwa ajili ya nyumba hiyo.

Njiani akampa Penina mafunzo.

"Tukifika, ukiona ufa, vuta pumzi kwa nguvu kisha nyamaza. Mengine niachie mimi."

"Na nisipouona?"

"Vuta hivyo hivyo."

Mzee Cornel aliwapokea kwa kofia ya pama na kalamu mbili mfukoni, mtu aliyekuwa mkuu wa ofisi kwa miaka mingi na ambaye bado anatembea kama kuna faili nyuma yake. Wakampa shikamoo yake. Akawaingiza ukumbini, na juu yao, kwenye bimu kubwa ya katikati, kulikuwa na nyufa sita au saba. Ludovick akafumba macho kwa furaha, akayafumbua kwa huzuni.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "nyumba hii inalia."

Penina alikuwa amepanda kwenye ngazi. Hakuvuta pumzi. Alipitisha ukucha juu ya nyufa, moja baada ya nyingine.

"Hizi? Hizi si kitu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Zimesimama wima, ni nyembamba, na hazifiki nusu ya bimu. Bimu ikianza kubeba, zege la chini hufunguka hivi kidogo, nondo inashika kazi yake. Hii ni nzima. Itakuzika, mzee."

Ludovick alihisi kama mtu ameingiza mkono mfukoni mwake mchana kweupe. Mzee Cornel, kwa upande wake, alivua kofia.

"Mama! Umetoka wapi wewe? Wanunuzi saba wamekuja hapa, wote saba wananionyesha nyufa hizi kama vile mimi kipofu. Wewe ndiye mtu wa kwanza mwenye akili kuingia humu!" Akamgeukia Ludovick. "Kijana, huyu ndiye mtaalamu. Atakalosema huyu, mimi nakubali."

"Asante, baba," akasema Penina. "Twende mbele."

Mbele, ile bimu inayobeba kibaraza cha juu ilikuwa safi kama imepigwa pasi. Hapakuwa na ufa hata wa kusingizia. Penina alitoa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa uzi, akaitembeza ubavuni mwa bimu. Ilipokuwa ikivutwa aliweka alama ya chaki. Hizo ndizo ringi, vile vipete vya nondo nyembamba vinavyozizunguka nondo nene. Alama zikapangana moja, mbili, tatu, kwa nafasi sawa, kisha karibu na nguzo ya kushoto zikaachana.

"Mzee, ringi alikata nani?"

"Mimi mwenyewe!" Mzee Cornel akajipiga kifua. "Mafundi ni wezi. Nilikaa hapa na futi kamba yangu, nikapima umbo la ringi pande zote nne, nikajumlisha, mita moja na sentimita kumi na sita. Kila kipande hivyo. Sikupoteza hata kucha ya nondo."

"Fundi hakusema kitu?"

"Aseme nini? Nilimpa vipande, akakunja."

 Ludovick, aliyekuwa bado na hasira ya nyufa za ukumbini, aliona uso wa Penina ukibadilika kama wa mtu aliyeona karata ya mwenzake.

"Bimu hii itakufa," akasema Penina.

"Hii? Haina ufa hata mmoja!"

"Haijawahi kupewa mzigo. Ikipewa ukuta juu na watu kibarazani, itasokotwa. Itakatikia hapa kushoto, upande wa nje, chini ya kibaraza. Tuipakie mchanga, mzee, uone mwenyewe."

Mzee Cornel alifungua mdomo kumfukuza, lakini maneno yake mwenyewe hayajapoa: atakalosema huyu nakubali. Ludovick alisikia sauti ya mlango ukifunguka kichwani mwake. Kama Penina angevuta pumzi alivyofundishwa, wangekuwa wanunuzi wa nane wenye nyufa zile zile. Ukweli wa bure wa Penina umemnunulia jambo ambalo uongo wake usingenunua: muuzaji aliyekwisha kuapa kumwamini. Hakumwambia. Aliingia kati upesi.

"Mzee, tufanye hivi. Mifuko themanini ya mchanga juu ya bimu, mahali pa ukuta. Kisha arobaini kwenye ukingo wa kibaraza, penye reli, ambapo watu hurundikana kumwangalia bibi harusi anaposhuka kwenye gari. Ikibeba yote mia na ishirini, nakulipa bei yako, siongei tena. Ikivunjika kabla, unanipunguzia theluthi."

"Na mia na hamsini weka, kijana! Nilitia nondo za milimita ishirini humo!"

"Arobaini inatosha, baba," akasema Penina.

Nje ya geti, wawili hao wakawa na mkataba wao wenyewe.

"Itavunjika mfuko wa ngapi?" Ludovick akauliza.

"Kati ya wa kumi na nane na wa ishirini na mbili wa ukingoni."

"Wacha we! Utabiri mpaka namba?"

"Ndiyo. Na ikiwa hivyo, na ufa ukiwa ndani ya kisanduku nitakachochora, nataka ile fremu ya duka iliyo chini pembeni ya jengo, miaka mitano bila kodi. Nifungue ofisi."

Ludovick akacheka kwanza. "Haya, sasa niambie bei yenyewe."

"Ndiyo hiyo."

"Na ukikosea? Hata kwa mfuko mmoja?"

"Sema wewe."

"Mwaka mzima unanichagulia vyuma uani. Nauli na chakula, basi."

Mwaka bila mshahara, na kazi ya chuo imekwisha, na Lea ana karo. Ludovick alijua anachokisema. Ndiyo maana alikisema. Alitegemea ashuke mpaka miaka miwili.

"Andika," akasema Penina.

Jumamosi asubuhi, kabla upepo wa vumbi haujaanza, Area D ilijaa watazamaji. Mchanga ulitoka korongoni kwa Fuso la Ludovick, ukatiwa kwenye mifuko mitupu ya saruji, kilo hamsini kila mmoja. Mhandisi Anitha, mkuu wa ile maabara ya chuo, alikubali kuja kuwa shahidi. Alikuja na kompyuta yake na hesabu aliyoifanya kutokana na mchoro wa nyumba.

"Mama Lea, mimi napata mfuko wa thelathini na moja," akasema.

"Sawa, injinia."

"Umeandika ishirini?"

"Kuanzia kumi na nane."

"Tuone basi," akasema Anitha, bila dharau. Alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiitafuta nukta ya penseli.

Penina aliipaka bimu chokaa kama alivyozipaka mamia. Karibu na nguzo ya kushoto, upande wa nje, akachora kisanduku cha upana wa mikono miwili, na ndani yake mstari wa mshazari. Kisha akaagiza mirunda isimamishwe chini ya kibaraza chote, miti minene, ila isiguse. Aliacha nafasi ya vidole viwili.

"Unamletea mgonjwa magongo kabla hajaanguka?" Mzee Cornel akamcheka. Watu wakamcheka pamoja naye.

"Akianguka hataweza kuyaomba, baba. Kuna watu wanapanda huko juu na mifuko."

Themanini ya kwanza ilipandishwa juu ya bimu. Petro, kiongozi wa wapagazi, alihesabu kwa kuimba, na bimu haikusema kitu. Anitha alipita chini na tochi: katikati, nyufa mbili nyembamba za kuanzia kazi, za kawaida. Mzee Cornel alirusha kofia hewani.

"Milimita ishirini! Sikuwaambia? Tani nne hizo! Mama, chora kisanduku kingine, hicho kimelala!"

"Hiyo ilikuwa kupinda na kukata, baba. Sasa tunaisokota."

Mifuko ikaanza kuwekwa ukingoni, penye reli. Moja. Mbili. Tano. Kumi. Ludovick alisimama kwenye kivuli cha Fuso, akafanya hesabu aliyokuwa akiikwepa tangu asubuhi. Bimu ikibeba yote, amenunua kwa bei kamili. Ikivunjika kati ya kumi na nane na ishirini na mbili, amepata theluthi na amepoteza fremu. Lakini ikivunjika kwenye ishirini na tatu, au thelathini na moja ya injinia! Theluthi mfukoni, fremu mfukoni, na Penina uani mwaka mzima. Hakumtakia mtu mabaya. Alitaka mifuko michache tu ya ziada.

Akamsogelea Petro, akamnong'oneza. Petro akaangalia pembeni, akainama, akachukua mifuko kutoka lundo la nyuma.

Wa kumi na nne ulipofika mguu wa ngazi, Penina akainua mkono.

"Uweke chini huo."

"Kuna nini?" Ludovick akauliza, sura ya mtu asiyejua chochote.

"Hauna alama yangu." Tangu alfajiri alikuwa ameipima mifuko yote kwenye mizani ya wanunuzi wa zabibu, na kila uliopita aliuwekea tiki ya chaki kitakoni. Wakautundika. Mshale ukasimama kwenye thelathini na nane. Petro akaangalia viatu vyake.

"Mbukwenyi, Petro!" mtu mmoja akamsalimia kwa Kigogo kutoka umatini, na kicheko kikazagaa. "Umeuonea huruma mgongo wako?"

"Lazima umetoboka," akasema Ludovick.

"Lazima," akasema Penina. "Leteni wenye tiki."

Kumi na nne. Kumi na tano. Ludovick hakuona haya. Alichohesabu ni kwamba jaribio limegharimu mfuko mmoja tu wa aibu na halikuzaa kitu. Kumi na saba.  Penina hakuwa akiangalia mifuko. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku chake, shavu karibu na zege, kalamu nyeusi mkononi, kama alivyokaa miaka kumi na mmoja.

Wa kumi na nane uliwekwa. Kimya.

"Inaongea," akasema.

"Mimi sisikii kitu," akasema Mzee Cornel, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Injinia, sogea uone."

Anitha akainama. Ndani ya kisanduku, juu ya chokaa, palikuwa na unywele mmoja mweusi, mfupi kama kope, umelala mshazari. Penina akaufuata kwa kalamu, akaandika pembeni: 18.

"Wapagazi, wekeni mmoja, kisha mshuke wote. Wote!"

Petro aliweka wa kumi na tisa, akashuka ngazi mbili mbili. Mguu wake ulipogusa chini, bimu ililia mlio wa mbao kavu inayovunjwa juu ya goti. Ufa ukakimbia kutoka pembe hadi pembe ya kisanduku, kipande cha zege kikadondoka, kibaraza kizima kikainamia barabara kama mtu anayechungulia, kikatua juu ya mirunda. Kilishuka vidole viwili tu. Mfuko mmoja ukabiringika, ukapasuka, mchanga ukamwagika mbele ya viatu vya Mzee Cornel.

Kelele zilizofuata zilisikika soko la jirani. Akina mama walipiga vigelegele, vijana wakambeba Penina mabegani, akawapiga makofi ya vichwa wamshushe: "Niacheni, sijamaliza kuchora!" Aliposhushwa akarudi kwenye bimu, akaufuata ufa mpaka mwisho, akaandika 19. Anitha alikimbilia ndani, akapiga kelele kutoka upande wa pili: "Huku umelala kinyume! Umezunguka bimu nzima!" Alirudi akitazama mahali zege lilipodondoka. Ringi zilikuwa wazi, ncha zake zimeachana, zimefunguka kama mkanda usio na bizimu.

"Hazina mikono," akasema. "Mimi nilihesabu ringi zilizofungwa. Mchoro unaonyesha zimefungwa."

"Mita moja na sentimita kumi na sita ni mzunguko wake tu," Penina akasema. "Haikubaki hata kidogo ya kukunjia ncha ndani ya zege. Kwa kupinda peke yake bimu haijali. Ikisokotwa, ringi ndizo zinazoishika, na hizi hazikushika kitu, tena hapa kushoto ziliwekwa mbalimbali."

Wote wakamgeukia Mzee Cornel. Alikuwa ameokota kipande cha zege, anakitazama.

"Yule fundi alijua?" akauliza.

"Fundi yeyote anajua, baba."

"Mbona hakusema?"

"Ulikuwa na futi kamba, na kofia hiyo, na umekwisha kumwita mwizi. Angesemaje?"

Mzee alikaa juu ya mfuko wa mchanga. Mifuko kumi na tisa ni watu kumi na watano hivi, akasema Anitha. Wakwe wawili na mashangazi, wakisimama penye reli. Mzee alikiweka chini kile kipande cha zege. Baadaye aliinuka, akajipangusa, akamwambia Ludovick alete karatasi, theluthi ni theluthi, yeye hakuzaliwa kula maneno yake. Ikumbukwe pia kwamba hata kwa bei hiyo alipata zaidi ya alivyokuwa akipewa na wale saba wa nyufa, maana ukumbi sasa ulikuwa na cheti cha mdomo cha Penina, na mdomo huo uligeuka kuwa ghali asubuhi hiyo hiyo. Alienda kwenye zabibu zake akiwa na hasara anayoweza kuisimulia, na husimulia, ila katika simulizi lake ni yeye aliyependekeza mchanga.

Ludovick alijaribu bahati yake mara moja zaidi. Alimwita Penina pembeni.

"Mama Lea, hongera. Tuongee kama ndugu. Miaka mitatu, nami nakupigia rangi fremu."

"Mitano. Rangi nitapiga mwenyewe. Chokaa ninayo."

"Kuna mtu wa duka la dawa anaitaka hiyo fremu kwa macho mawili."

"Mwambie asubiri miaka mitano."

Ludovick akasaini karatasi ikiwa juu ya mlango wa Fuso.

Kibaraza kilibomolewa, meza za mgahawa zikaingia ndani, na ukumbi wa chini haukosi harusi. Ludovick alipata zaidi ya alichotumia, hata ukiondoa fremu bora ya pembeni anayoiangalia kila asubuhi bila kupata kodi yake. Penina chuoni hakurudi; kamera zinafanya kazi nzuri, yeye mwenyewe anasema. Juu ya mlango wake ameandika: TUNAPIMA BIMU KABLA HAZIJAKUPIMA. Mhandisi Anitha humletea wateja na mahesabu, na wanagombana kwa furaha juu ya mfuko wa ngapi. Lea yuko kidato cha nne.

Hasara kubwa ya Ludovick haikuwa fremu. Ni kwamba sasa kila muuzaji wa pagale Dodoma anamjua Penina, na wawili wamekwisha kumkatalia bei ya nyufa kwa sababu walipita kwake kwanza. Mwezi uliopita alipata jengo lingine Nkuhungu, akaingia ofisini na soda baridi, akaanza kueleza bimu ilivyo, anataka maoni tu, ya haraka haraka, kama watu wanaofahamiana.

Penina alisukuma kitabu cha risiti upande wake wa meza.

"Ada ya kuangalia hulipwa kabla, kaka."

Ludovick akacheka kwanza. Penina akangoja amalize. Akalipa.